Michigan: Kocha mpya, ligi ngumu, na mechi moja inayohukumu yote

Kyle Whittingham hakuja Ann Arbor kujifunza kazi. Ana umri wa miaka 66. Ameongoza timu ya Chuo Kikuu cha Utah kwa misimu 21, na katika historia ya chuo hicho hakuna kocha aliyeshinda mechi nyingi kumpita. Msimu wake wa mwisho kule, wa 2025, timu yake ilishinda mechi 10 kati ya 12. Angeweza kwenda kupumzika.

Lakini mwishoni mwa mwezi wa 12 wa mwaka 2025 alikubali kuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Michigan, kaskazini mwa Marekani, kwa mkataba wa miaka 5. Sasa historia yake ya Utah inawekwa pembeni. Michigan ni chuo chenye ushindi mwingi kuliko vyote katika futiboli ya vyuo ya Marekani: kilikuwa cha kwanza kufikisha ushindi 1,000, mwezi wa 11 wa mwaka 2023. Kocha anayefika hapo hapokelewi kwa kusifiwa yale aliyofanya kwingine. Anaulizwa jambo moja: je, utaishinda Ohio State?

Wazee wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Ann Arbor jembe linamngoja mgeni mlangoni. Na mwenye kutaka kujua ni zito namna gani, anaweza kuanzia mwaka 1995, wakati kocha mwingine mpya alipookolewa na kijana aliyezaliwa Kinshasa.

Mchezo wenyewe, ligi yenyewe

Futiboli inayozungumzwa hapa si mpira wa miguu tunaoujua. Ni ile ya Kimarekani, yenye mpira ulio na umbo la yai, unaobebwa mikononi au kurushwa, na wachezaji 11 kila upande wakiwa wamevaa kofia ngumu. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea yadi 10, karibu metre 9. Ikifaulu, inapewa nafasi nne nyingine. Ikishindwa, mpira unaenda kwa adui. Kufikisha mpira katika eneo la mwisho la adui kunaleta pointi 6.

Wanaocheza ni wanafunzi. Hata hivyo, usifikirie mashindano ya shule yenye watu mia mbili pembeni ya uwanja. Uwanja wa Michigan una nafasi za watu 107,601, na siku ya posho unajaa. Vyuo vikubwa vinalipa makocha mamilioni ya dola kila mwaka, na tangu mwezi wa 7 wa mwaka 2025 vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji pia moja kwa moja, hadi karibu dola milioni 20 na nusu kwa mwaka kwa chuo kimoja.

Michigan inacheza katika ligi inayoitwa Big Ten, iliyoanzishwa mwaka 1896. Jina hilo linamaanisha kumi wakubwa, lakini leo vyuo ni 18, kutoka Rutgers kule New Jersey upande wa mashariki, hadi vyuo viwili vya Los Angeles upande wa magharibi. Ugumu wake unaonekana katika orodha fupi: Michigan ilichukua ubingwa wa taifa wa msimu wa 2023, Ohio State ule wa 2024, na Indiana ule wa 2025. Mabingwa watatu mfululizo, wote wa ligi moja. Kocha mpya wa Michigan hawezi kusema anatafuta mabingwa mbali. Anakutana nao nyumbani.

Kati ya wote hao, Ohio State ni adui wa namna ya peke yake. Majimbo haya mawili yaliwahi kugombania mpaka, eneo la Toledo, mwaka 1835, hata pande zote mbili zikapeleka askari. Leo ugomvi umebaki uwanjani. Mechi yao inachezwa mwishoni mwa mwezi wa 11, ikiwa ya mwisho ya ratiba ya kawaida. Ndiyo maana inakuwa kama hukumu: kesi yote imekwisha kusikilizwa, kisha siku hiyo inasomwa.

Kipimo hiki kiliwekwa mwaka 1969. Michigan ilikuwa na kocha mpya, Bo Schembechler, ambaye hakuwa na jina kubwa. Mwaka uliotangulia, Ohio State ilikuwa imeifunga Michigan 50 kwa 14. Sasa ilifika Ann Arbor ikiwa bingwa wa taifa, ikiwa imeshinda mechi 22 mfululizo, chini ya kocha Woody Hayes, ambaye Schembechler mwenyewe alikuwa amecheza na kufanya kazi chini yake. Mwanafunzi alimshinda mwalimu, 24 kwa 12. Tangu siku hiyo, kila kocha mpya wa Michigan anapimwa kwa fimbo ileile.

Mtoto wa Kinshasa na kocha wa muda

Mwezi wa 5 wa mwaka 1995, kocha mkuu Gary Moeller alijiuzulu kisha tukio katika mgahawa mmoja lililomfikisha mikononi mwa polisi. Msimu ulikuwa unakaribia. Chuo kikamkabidhi timu Lloyd Carr, mtu wa miaka 49 aliyekuwa msaidizi hapo tangu 1980. Lakini hakupewa kiti chenyewe. Alipewa cheo cha muda, maana yake afanye kazi huku wakubwa wakiangalia kama anafaa.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa karibu kuwa ya aibu. Nyumbani, mbele ya mashabiki wake, Michigan ilikuwa nyuma 17 kwa 0 dhidi ya Virginia, katika robo ya mwisho. Vijana wa Carr wakarudisha kidogokidogo, na katika mchezo wa mwisho kabisa, saa ikiwa imekwisha, Scott Dreisbach alimrushia mpira Mercury Hayes katika kona ya eneo la mwisho. Michigan ikashinda 18 kwa 17. Kama Hayes angeteleza, pengine jina la Carr lisingekumbukwa.

Katikati ya mwezi wa 11, chuo kilimpa Carr kiti kwa kudumu. Siku chache kisha, timu yake ikapoteza kwa Penn State, 27 kwa 17. Ilikuwa mechi ya tatu kupoteza msimu huo. Na aliyekuwa anakuja ni Ohio State, timu ya pili kwa ubora katika taifa zima, yenye ushindi 11 bila kupoteza hata mmoja. Ilikuwa na mkimbiaji Eddie George, ambaye wiki chache baadaye angepewa zawadi ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo vyote.

Upande wa Michigan alikuwepo mkimbiaji ambaye watangazaji wa Marekani walitaabika kulitamka jina lake: Tshimanga Biakabutuka. Kwa msomaji wa Kongo jina hilo halina shida. Tshimanga ni jina linalojulikana sana upande wa Kasai. Alizaliwa Kinshasa mwezi wa kwanza wa mwaka 1974, inchi ikiwa bado inaitwa Zaïre. Familia ilihamia Kanada alipokuwa mtoto mdogo, akakulia karibu na Montréal, katika Kifaransa. Futiboli ya Kimarekani alianza kuicheza akiwa kijana tayari, wakati Wamarekani wengi wanaanza wakiwa wadogo. Ann Arbor walimfupishia jina, wakamwita Tim.

Tarehe 25 mwezi wa 11 wa mwaka 1995, mbele ya watu zaidi ya 100,000, Tim alipewa mpira mara 37. Katika mchezo huu, mkimbiaji akifikisha yadi 100 katika mechi moja, watu wanasema amefanya kazi nzuri. Eddie George, mshindi wa Heisman, alifikisha 104 siku hiyo. Biakabutuka alifikisha 313. Ni karibu metre 286 za kukimbia kati ya watu wazito ambao kazi yao yote ni kumwangusha chini. Ohio State walijua mpira unaenda kwake, na bado hawakuweza kumzuia.

Michigan ilishinda 31 kwa 23. Ohio State ilipoteza ubingwa wa ligi na nafasi ya kwenda Rose Bowl, ile mechi kubwa ya California ya mwaka mpya. Nafasi hiyo ilienda kwa Northwestern, chuo kilichokuwa hakijafika huko tangu 1949. Mkimbiaji mmoja alibadilisha msimu wa vyuo vitatu.

Kwa Carr, siku hiyo ilikuwa na maana nyingine. Msimu wake wa kwanza uliisha na ushindi 9 na kupoteza 4. Kwa Michigan hiyo si hesabu ya kufurahisha, na msimu uliofuata, wa 1996, ulileta kupoteza 4 tena. Kocha mwingine angeanza kutafutiwa mlango. Lakini mwaka huo wa 1996 pia alienda Columbus, kwa Ohio State iliyokuwa haijapoteza, akaifunga 13 kwa 9. Kupoteza mara nane katika misimu miwili kulisamehewa, sababu Ohio State ilifungwa mara mbili.

Subira hiyo ililipa. Mwaka 1997 Michigan ilishinda mechi zote 12, ikaifunga Ohio State 20 kwa 14, ikashinda Rose Bowl dhidi ya Washington State 21 kwa 16, na waandishi wa habari wakaichagua kuwa bingwa wa taifa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1948. Biakabutuka hakuwepo tena. Alikuwa amechaguliwa wa 8 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa mwaka 1996, na Carolina Panthers, ambako majeraha yalimsumbua hadi alipoacha kucheza. Lakini yadi zake 1,818 za msimu wa 1995 zilibaki katika kitabu cha rekodi cha chuo.

Ushindi 111, kisha mlango

Ili kuelewa kwamba jambo hili si la Michigan peke yake, inafaa kutazama kocha aliyekuwa upande wa pili siku ile. John Cooper aliongoza Ohio State kuanzia 1988 hadi 2000. Alishinda mechi 111 na kupoteza 43, na nne zilikuwa sare. Ni hesabu ambayo makocha wengi wangeisaini bila kusoma karatasi. Lakini dhidi ya Michigan alishinda mara 2 tu, akapoteza 10, na sare 1. Mara tatu, mwaka 1993, 1995 na 1996, alifika kwenye mechi hiyo bila kupoteza hata moja, na mara tatu alirudi amefungwa. Mwanzoni mwa 2001 alifukuzwa.

Aliyechukua nafasi yake, Jim Tressel, alikuwa ameelewa kazi aliyopewa. Siku alipotambulishwa kwa mashabiki, katikati ya mechi ya basketi, hakuahidi ubingwa wa taifa. Aliwaambia kwamba watawaonea fahari vijana wao darasani, mtaani, na zaidi sana siku 310 kutoka hapo, huko Ann Arbor. Alikuwa amehesabu siku. Alienda, akashinda 26 kwa 20.

Kisha mzani uligeuka. Carr, aliyekuwa amemshinda Cooper mara 5 kati ya 6, alishinda mara 1 tu kati ya 7 dhidi ya Tressel. Ushindi wake wote ulikuwa 122 na ubingwa wa taifa mmoja, lakini miaka ya mwisho mashabiki walikuwa wananung'unika. Msimu wa 2007 ulipoanza kwa kufungwa nyumbani na Appalachian State, chuo cha daraja la chini, 34 kwa 32, watu wengi walijua mwisho umefika. Alistaafu mwisho wa msimu huo, mwenye heshima, lakini fimbo ile ile iliyompandisha ilikuwa imempima tena.

Waliokuja kisha Carr

Rich Rodriguez alitoka West Virginia mwenye sifa ya kuwa mbunifu wa mashambulizi. Alikuta wachezaji wasiolingana na mchezo wake. Msimu wa kwanza, 2008, Michigan ilishinda 3 na kupoteza 9. Hakuna timu ya Michigan iliyowahi kupoteza mechi nyingi hivyo katika msimu mmoja. Alipoondolewa mwanzoni mwa 2011, hesabu yake ilikuwa ushindi 15, kupoteza 22, na dhidi ya Ohio State 0 kwa 3.

Brady Hoke alianza kinyume chake. Alikuwa mtu wa nyumbani, aliyewahi kuwa msaidizi wa Carr, na hata kutamka jina zima la Ohio State alikataa. Alisema tu "Ohio". Mwaka wake wa kwanza, 2011, alishinda 11 na kuifunga Ohio State 40 kwa 34. Watu walishangilia. Lakini kila mwaka uliofuata timu ilishuka: ushindi 8, kisha 7, kisha 5. Mwisho wa 2014 naye akaondoka. Kwa Hoke, Michigan ilijifunza kwamba mwaka mzuri wa kwanza si dhamana. Wakati mwingine kocha mpya anakula mavuno ya aliyetangulia.

Jim Harbaugh aliyefuata alikuwa amecheza hapo mwenyewe miaka ya 1980, chini ya Schembechler. Alipokelewa kama mkombozi. Kwa miaka mitano ya kwanza alipoteza kila mechi dhidi ya Ohio State. Msimu wa 2020, wakati wa Covid, timu ilishinda 2 na kupoteza 4, na mechi ya Ohio State ikafutwa. Wengi walitaka aende. Chuo kikachagua njia nyingine: kilipunguza mshahara wake na kumwachia kazi. Mwaka 2021 aliifunga Ohio State 42 kwa 27. Mwaka 2022 timu ilishinda tena, 45 kwa 23. Mwaka 2023 tena, 30 kwa 24, ingawa Harbaugh mwenyewe alikuwa amezuiwa kukaa pembeni ya uwanja kwa sababu ya uchunguzi wa kuiba ishara za wapinzani, na msaidizi wake Sherrone Moore ndiye aliyeongoza. Msimu huo uliisha kwa ushindi 15 bila kupoteza, na ubingwa wa taifa. Kisha Harbaugh akaenda kwenye ligi ya kulipwa.

Moore alirithi kiti. Mwaka 2024 timu yake ilikuwa imepoteza mechi 5 ilipoenda Columbus, na karibu kila mtu alitazamia ipigwe vibaya. Ilishinda 13 kwa 10. Mwaka 2025 ilifungwa 27 kwa 9. Lakini si mechi iliyomwondoa Moore. Mwezi wa 12 wa mwaka huo chuo kilimwachisha kazi, kikisema kwamba amevunja kanuni za mwenendo za chuo. Hapo ndipo simu ilipoenda Utah.

Mambo hayo mawili yanaeleza kwa nini jina la Whittingham lilitokea. Kocha wa kushinda mechi, ndiyo. Lakini pia mtu mzima, aliyekaa mahali pamoja muda mrefu, ambaye anaweza kuleta utulivu katika nyumba iliyotoka kwenye aibu moja hadi nyingine.

Indiana imefupisha subira

Kama Whittingham angefika mwaka 1995, angeweza kuomba muda. Carr alihitaji misimu mitatu kufikia ubingwa, Harbaugh misimu kenda. Leo ombi hilo ni gumu zaidi, na sababu yake kubwa iko katika ligi hiyohiyo, jimbo la jirani.

Indiana ilikuwa miongoni mwa timu dhaifu zaidi za Big Ten kwa vizazi. Mwaka 2023 ilishinda 3 na kupoteza 9. Ikamchukua Curt Cignetti, kocha aliyekuwa James Madison, chuo kisicho na jina kubwa. Mwaka wake wa kwanza, 2024, Indiana ilishinda 11 na kupoteza 2. Mwaka wa pili ilishinda mechi 16 bila kupoteza hata moja: iliifunga Ohio State 13 kwa 10 katika fainali ya ligi, ikaiangusha Alabama 38 kwa 3 katika Rose Bowl, na mwezi wa kwanza wa 2026 ikaishinda Miami 27 kwa 21 na kuwa bingwa wa taifa.

Iliwezekana namna gani? Sheria zimebadilika. Zamani mchezaji aliyehama chuo alilazimika kukaa mwaka mmoja bila kucheza. Sasa anahama na kucheza mara moja. Kocha mpya anaweza kuleta wachezaji wazima waliokwisha komaa kwingine, wakati zamani alipaswa kungoja vijana wa miaka 18 wakue. Na sababu feza sasa inaruhusiwa, chuo tajiri kinaweza kujaza mapengo ndani ya miezi michache. Vilevile, tangu 2024 timu 12 zinaingia katika mashindano ya mwisho ya ubingwa, si 4 tena, kwa hiyo milango ni mingi.

Hayo yote yanamsaidia kocha mpya, na yanamnyima kisingizio. Rodriguez mwaka 2008 aliweza kusema kwamba wachezaji aliowakuta hawakufaa kwa mchezo wake. Whittingham hataweza kusema hivyo muda mrefu. Shabiki wa Michigan atajibu: Indiana walifanyaje? Na wachezaji nao wanaweza kuondoka kwa urahisi uleule walioingia nao. Timu iliyojengwa mwezi wa kwanza inaweza kubomoka mwezi wa 12.

Anacholeta, na kinachomngoja

Whittingham ana silaha zake. Utah ilipokuwa bado katika ligi ndogo, mwaka 2008, timu yake ilishinda mechi zote 13 na kuifunga Alabama ya Nick Saban 31 kwa 17 katika Sugar Bowl. Chuo kilipohamia ligi kubwa ya magharibi mwaka 2011, wengi walifikiri kitazama. Kilichukua muda, lakini mwaka 2021 na 2022 kilikuwa bingwa wa ligi hiyo. Alijulikana kwa ulinzi mgumu, kwa mchezo wa kusukumana mbele, na kwa kuwatengeneza wachezaji ambao vyuo vikubwa havikuwataka. Ni mchezo unaofanana na ule ambao Michigan imeupenda tangu enzi za Schembechler, na ule uliompa Biakabutuka nafasi mwaka 1995.

Jambo la kuangalia ni tofauti ya mahali. Utah ilimpa miaka 10 kabla ya ubingwa wa kwanza wa ligi kubwa. Misimu yake ya 2012 na 2013 kule ilikuwa na kupoteza mara 7 kila mmoja, na bado alibaki kazini. Hakuna dalili kwamba Big Ten ya leo inaweza kumvumilia kocha wa Michigan hivyo, na kwa umri wake mwenyewe hana miaka 10 ya kungoja.

Ohio State anaijua. Tarehe moja mwezi wa kwanza wa 2022, katika Rose Bowl, Utah yake ilikuwa mbele ya Ohio State kwa muda mrefu, kisha ikafungwa katika dakika za mwisho, 48 kwa 45. Kocha wa upande wa pili alikuwa Ryan Day, yuleyule atakayekutana naye sasa.

Na Day mwenyewe ni somo la mwisho kwa mgeni huyu. Alipofungwa na Michigan mwaka 2024, kwa mara ya nne mfululizo, mashabiki wake walimzomea uwanjani kwake, na wengi walidai afukuzwe. Wiki saba zilizofuata aliongoza timu ileile hadi ubingwa wa taifa, akiifunga Notre Dame 34 kwa 23. Ungefikiri hesabu imefungwa. Lakini mwaka 2025, akiwa bingwa, bado alilazimika kwenda Ann Arbor kuthibitisha kwamba anaweza kuishinda Michigan. Ni ushindi ule wa 27 kwa 9 uliompumzisha.

Kwa hiyo matazamio kwa Whittingham yanaweza kuandikwa kwa ufupi. Mwaka wa kwanza, wakubwa wa chuo wanataka nyumba itulie: wachezaji wabaki, kusiwe na kashfa nyingine, na timu ishinde mechi za kutosha kuwa katika mazungumzo ya zile 12 za mwisho. Mwaka wa pili na wa tatu, ubingwa wa ligi. Hayo ndiyo yanayozungumzwa ofisini.

Nje ya ofisi, kalenda ina alama moja tu. Mwishoni mwa mwezi wa 11 wa 2026, siku ya posho, Michigan itaenda Columbus. Akipoteza mechi tatu kabla ya hapo na kushinda hiyo, atafungua mwaka wa pili akiwa na marafiki, kama Carr. Akishinda zote kabla ya hapo na kupoteza hiyo, atajua alivyojisikia Cooper. Na kama yumo katika kikosi chake kijana anayeweza kufanya alichofanya mtoto wa Kinshasa mwaka 1995, kocha huyu mpya ana miezi michache tu ya kumtambua.